Kiwambo cha Sikio la Bakari

Mbuzi aliyemharibia mume wangu sikio alikuwa mbuzi wetu wenyewe, beberu mweusi mwenye dharau, na tulimnunua kwa ajili ya ngozi yake. Nataka hilo lijulikane mapema, maana upande wetu wa Mlola watu walisimulia kila namna. Wapo waliosema nilimzaba kofi mimi. Maneno makali ninayo, sikatai, lakini Bakari sijawahi kumpiga. Nimetamani tu.

Bakari alikuwa fundi wa ngoma. Mringaringa ukianguka popote milimani, alikuwa wa kwanza kufika, kuligonga gogo lake na kulitegea sikio. Alichonga, akatoboa ndani, akaloweka ngozi, akaitoa manyoya kwa jivu, halafu ndipo akaiwamba. Anaivuta ingali mbichi juu ya mdomo wa gogo, anaikaza kwa vigingi huku na huku, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anavuta tena. Kuvuta kila mwenye mikono anaweza. Kusikiliza ndiko kulikomfanya aitwe fundi. Ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ndizo zilizopigwa na kikundi cha kijiji chetu cha ujamaa, na mwaka ule kikundi kilikuwa kimechaguliwa kwenda kucheza mjini Lushoto siku ya Saba Saba. Mimi nilikuwa mchezaji wa mstari wa mbele, na sisemi hivyo ili kujisifu, ingawa sioni ubaya wa kujisifu.

Basi asubuhi moja ya masika, mvua imetulia kidogo, Bakari alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anajikuna sikio la kushoto kwa unyoya wa kuku, macho ameyafumba kwa raha. Beberu akakata kamba. Sijui walikosana nini. Akamjia ubavuni, akampiga kichwa kwenye kiwiko, na ule unyoya ukaingia mahali ambapo unyoya hauna kazi.

Ukelele alioutoa uliwafukuza kuku wote hadi migombani. Damu ilikuwa tone tu. Lakini alipoinuka aliyumba, akashika ukuta, akaniangalia kwa mshangao.

“Mama Mwanaisha,” akasema, “nyenje wanalia.”

Haukuwa msimu wa nyenje.

Mama mkwe akaja na dawa ya siku zote: mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto kwenye kijiko, yanamiminwa sikioni kila jioni. Sikio likaanza kutoa maji yenye harufu. Nyenje hawakuhama. Ukimwita Bakari kwa upande wa kushoto, yeye aliendelea kutafuna chakula chake kana kwamba umemwita mtu mwingine. Akiulizwa anasema ni mafua, yatapita. Alikuwa na aibu, nadhani. Fundi wa kusikiliza hawezi kutembea kijijini akitangaza kwamba hasikii.

Huo ulikuwa mwaka wa kampeni ya Mtu ni Afya. Jioni moja moja tulikusanyika katika darasa la watoto, sisi watu wazima na magoti yetu tumejikunja kwenye madawati madogo, tunasikiliza redio, kisha tunafundishwa na mganga wa zahanati, Ndugu Nikodemo. Alikuwa kijana wa Kipare, mwembamba, mwenye adabu ya kutisha. Alikuamkia shikamoo hata pale alipokuwa anajiandaa kukukaripia. Siku hiyo betri za redio zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo akafundisha alichokitaka mwenyewe. Akachora sikio kubwa ubaoni.

“Hapa ndani,” akasema, akionyesha kwa chaki, “kuna ngozi nyembamba iliyoziba tundu. Inaitwa kiwambo cha sikio.”

Bakari, ambaye nilimkalisha kwa makusudi sikio lake zima likielekea ubao, akainua kichwa.

“Kiwambo?”

“Ndiyo, baba.”

“Kwa hiyo kimewambwa?”

Watu wakacheka. Nikodemo hakucheka, akageuka kabisa kumtazama.

“Kimewambwa, baba. Neno limetoka hukohuko kwenye kazi yako. Kuwamba ngoma, kuwamba kitanda kwa kamba, ni tendo lilelile: unavuta kitu, unakikaza pande zote juu ya uwazi. Kilichokazwa hivyo ni kiwambo. Waliolitumia neno hilo kwa sikio waliona ngozi imekazwa ukingoni kote, sauti ikiigonga inatetemeka, wakaona hakuna haja ya kutafuta jina mbali. Hata Wazungu, katika lugha yao ya kale ambayo madaktari wanaitumia, wameiita kwa jina la ngoma. Watu wa mbali kabisa, baba, hawajawahi kukaa na wewe uani, na wameona kitu hichohicho.”

Mume wangu akakaa wima. Sikuwa nimemwona hivyo tangu siku ya beberu.

“Na nyuma ya kiwambo,” Nikodemo akaendelea, “kuna vifupa vitatu vidogo sana vinavyopokezana sauti. Kimoja ni nyundo, cha pili fuawe, cha tatu kikuku.”

“Nyundo na fuawe!” Bakari alikuwa amesimama sasa. “Jamani, humu ndani mna karakana nzima!”

Darasa lilicheka mpaka Nikodemo akaufuta ubao. Njiani kurudi nyumbani Bakari alitembea mbele yangu kwenye utelezi, anazungumza peke yake. Mimi nilifurahi, nikasema moyoni kwamba elimu ya watu wazima ina faida. Nilifurahi mapema mno.

Kesho yake jioni niliingia jikoni nikamkuta amejilaza chini kwenye mkeka, kichwa karibu na mafiga, amelielekeza sikio la kushoto kwenye moto wa mabua ya mahindi. Nywele za kando zimebabuka, ncha ya sikio imekuwa nyekundu, jiko zima linanuka.

“Mgoshi,” nikamwambia, “mwanaume mzima umekuwa hindi la kuchoma?”

“Masika haya,” akajibu bila kuinuka. “Ngoma zote zimelegea kwa unyevu. Na hii ni ngoma, umemsikia mwenyewe. Inataka moto kidogo, ikaze.”

Nitamlaumu vipi? Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Hakuna ngoma inayopigwa kwetu bila kuoteshwa moto kwanza, hasa ukungu ukishuka. Mtu aliyesikia kwamba ana ngozi imewambwa kichwani atafikiri nini kingine? Akaendelea kujichoma jioni kadhaa. Akitoka motoni anajigonga kwa kidole kando ya sikio, anategea, anatikisa kichwa, anarudi tena motoni.

Halafu siku moja akaacha. Akakaa mlangoni akitazama mvua, na nilipompelekea chai hakuichukua.

“Si kulegea,” akasema. “Ni tundu.”

“Sasa tundu si litazibwa?”

Akanitazama kwa huruma, namna ninavyotazamwa nikijidai najua kazi yake.

“Ngozi iliyokazwa haizibwi, Mama Mwanaisha. Ikitoboka, mvuto wake wenyewe ndio unaolipanua tundu. Kiraka hakishiki. Unang’oa vigingi, unaivua, unaitupa, unawamba nyingine. Sasa hii nani ataivua? Na nyingine itatoka wapi?”

Asubuhi akabeba vigingi vyake, patasi zake, na zile ngoma tatu, akampelekea mdogo wake Ramadhani. Akamwambia kuanzia leo fundi ni wewe. Alirudi na mikono mitupu, akaketi jikoni kwangu.

Hapo ndipo nilipoogopa. Bakari akikasirika namjua, akilewa sifa namjua. Bakari anayekaa karibu na mafiga akiniuliza kwa upole kama mchicha umeiva, huyo sikumjua. Alionja mchuzi. Alipanga kuni kwa ukubwa. Alifunika sufuria nilizoziacha wazi na kufunua nilizozifunika. Mwanaume aliyezoea kutukana vigingi mchana kutwa, sasa ananisemesha kwa sauti ya chini kama mgeni. Nililia shambani kwenye karoti, ambako hakuna wa kuniuliza, na nilipomaliza kulia nikapata hasira, na hasira yangu huwa inanifaa zaidi.

“Inuka,” nikamwambia. “Tunakwenda zahanati.”

“Kufanya nini?”

“Kuvua hiyo ngozi yako, au sivyo nitaivua mimi.”

Tulipanda hadi zahanati. Nikodemo akatupokea kwa shikamoo zake, akamkalisha Bakari karibu na dirisha, akaingiza sikioni kifaneli kidogo cha chuma na kumulika kwa tochi. Akachungulia. Akafuta. Akachungulia tena. Kisha akazima tochi.

“Shikamoo tena, baba,” akasema. “Ni nani aliyemimina mafuta humu? Na ni nani aliyekuunguza?”

Bakari akaeleza yote: unyoya, beberu, nyonyo, mabua. Hakuficha hata moja, kwa kuwa alijihesabu amekwisha kumalizika. Akamweleza kijana wa watu sheria za ngozi zilivyo, mvuto, vigingi, kiraka. Akamalizia, “Tundu lipo, sivyo?”

“Lipo. Dogo, upande wa chini.”

“Basi ndiyo hivyo.”

“Ndiyo hivyo vipi?” Nikodemo akasogeza kigoda chake, wakawa magoti kwa magoti. “Baba, jina ni la ngoma kweli, lakini naona sikumaliza somo, na kosa ni langu. Ngozi unayoiwamba wewe ni ya mbuzi aliyekwisha kufa. Haina damu, haina anayeilisha, ikitoboka imetoboka. Hii yako iko hai. Inakula ugali wa bada unaokula wewe. Ulipojikata kidole na patasi, ni nani aliyekushona?”

Bakari akakitazama kidole chake chenye kovu. “Hakuna. Kilifunga.”

“Na hii hufunga. Si kila mara, siwezi kukuahidi, na wewe umeitesa. Lakini mara nyingi hufunga, ikiachwa kavu na ikiachwa peke yake.”

“Kwa hiyo mimi nifanye nini?”

“Usifanye kitu.”

“Nipake nini?”

“Usipake kitu.”

“Hata moto wa mbali?”

Nikodemo akaniangalia mimi, akaona kwamba hapa mgonjwa ni mmoja lakini anayepaswa kupewa maagizo ni mwingine. Akanipa vidonge na pamba. Maji yasiingie sikioni, mafuta yasiingie, unyoya usiingie, asipenge kamasi kwa nguvu, na tukutane tena mvua zikiisha.

Jamani, kumuuguza mtu asiyelala kitandani ni kazi. Ukimwambia Bakari beba jiwe hili hadi Lushoto, atabeba. Ukimwambia usiguse, mkono unapanda wenyewe. Tunakula, kidole kinatambaa kuelekea sikioni, nakipiga kwa mwiko. Tunazungumza na wageni, kidole hicho. Nikamfumia kofia ya sufu inayofunika masikio yote mawili, akaivaa hata jua likitoka, na watoto wakampa majina. Mama mkwe ndiye aliyenipa shida zaidi, maana mama mkwe humkaripii. Kila jioni aliulizia kijiko chake. Nikaificha chupa ya nyonyo ndani ya pipa la mahindi, nikamjibu kwa heshima zote kwamba sijaiona, na nikamsaidia kuitafuta.

Wakati huo Ramadhani alikuwa anatuandaa kwa Saba Saba. Shemeji yangu ni mtu mwema kupita kiasi, mikono yake ni ya jembe. Alikaza ngoma zote tatu kwa nguvu zilezile, kwa sababu aliona ni haki. Zote zikasema neno moja. Sisi wachezaji tunaifuata ngoma ndogo kwa miguu na ya kati kwa mabega, sasa zikifanana mabega yanakwenda wapi? Katika mazoezi nikagongana na Fatuma wa mstari wa pili hadi tukakaa chini wote wawili, na mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kutazama, akatikisa kichwa na kusema labda tungepeleka kwaya.

Nilimsimulia Bakari. Nilitaka akasirike.

“Nenda tu ukamwelekeze,” nikamwambia. “Sikio moja si unalo?”

“Sikio moja linaniambia ngoma inalia,” akasema. “Haliniambii inaliaje. Siwezi kwenda kusimama mbele ya watu nikijifanya nasikia. Nikikosea, Lushoto nzima itajua.” Akavuta kofia yake chini. “Tusubiri ngozi.”

Mvua zikaisha, baridi ikaingia, ile ya asubuhi nyeupe ambayo mtu anaongea na moshi unamtoka mdomoni. Sikio lilikuwa limekauka siku nyingi. Kuhusu nyenje hakusema kitu na mimi sikumuuliza, kwani niliogopa jibu. Saba Saba imekaribia, ngoma za Ramadhani bado zinasema neno moja. Siku tuliyopanda tena zahanati sikuweza hata kumgombeza.

Nikodemo akaingiza kifaneli chake. Akachungulia muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika kikapu kwa mikono miwili.

“Kuna kovu,” akasema.

“Kovu,” akarudia Bakari. Sauti yake ilikuwa kavu.

“Kovu, baba. Tundu hakuna. Pamefunga.”

Nje mtoto mmoja alikuwa anadungwa sindano na kulia kwa haki yake. Bakari alikuwa ameshika magoti yake, anatazama ukuta.

“Pamekazwa?” akauliza hatimaye.

“Pamekazwa vizuri.”

“Nani aliyepawamba?”

“Hakuna. Ulipaacha tu.”

Alitingisha kichwa polepole. Miaka yote ile hajawahi kuiona ngozi ikijifunga mbele yake, hata moja. Ukiipa kisogo inalegea, inapasuka, inaliwa na panya. Akaivua kofia ya sufu, akaikunja vizuri, akamshika Nikodemo mkono kwa mikono yake yote miwili, na hapo mimi nikatoka nje, nikajifanya nafunga kanga.

Tulianza kuteremka. Mimi nilikuwa nimejaa furaha mpaka nikaogopa kuifungua. Kufunga ni kufunga, nikajiambia, lakini kusikia ni kusikia. Ngozi ya kovu itasikiaje? Njia inapozunguka kilima, pale unapoanza kuyaona mashamba ya kabichi hadi chini bondeni, sauti za mazoezi zikapanda. Ramadhani na wenzake. Zikaja na upepo, hafifu, zote tatu kwa pamoja.

Bakari akasimama. Akachomeka kidole kwenye sikio la kulia, lile zima, akaliziba kabisa. La kushoto akalielekeza bondeni. Akafumba macho.

Sijawahi kusubiri kitu namna ile. Hata uchungu wa kumzaa Mwanaisha ulikuwa na haraka kuliko pale.

Uso wake ukaanza kukunjamana. Kwanza paji, kisha pua, kisha mdomo wote ukapinda kwa karaha.

“Huyu mtu,” akasema, “ameiua ya kati! Ya kati imekazwa kama anafunga mzigo wa kuni! Mama Mwanaisha, unaisikia? Na ndogo imelegea upande mmoja, kigingi kimetoka, anapiga tu, anapiga tu, Mungu wangu, hana hata haya!”

Akaondoka mbio. Mtu mzima, fundi, baba wa watoto, anakimbia kwenye mteremko na kofia ya sufu mkononi, anamtukana mdogo wake kwa Kishambaa ambacho siwezi kukiandika hapa. Alikata kona, akaruka mfereji, akapotea nyuma ya migomba. Hakuniaga. Kikapu, pamba, dawa, vyote aliniachia mimi. Nikamfokea hadi akatoweka, kwa furaha niliyokuwa nayo.

Nikabaki nimesimama. Ngoma zikaendelea kidogo, kisha zikanyamaza ghafla, nikajua amefika. Kimya kikawa kirefu. Nikasikia kigongo kikigonga kigingi. Kimya tena. Halafu ya kati ikasema neno lake, peke yake, nzito, na ndogo ikaijibu kwa neno lingine kabisa, na kubwa ikaingia chini yao, na mabega yangu yakaondoka kabla sijayaruhusu.

Nilikiweka kikapu chini nikacheza palepale njiani, mchana mweupe, peke yangu. Katika shamba la kabichi chini ya njia, mama mmoja wa Kilutheri, Mama Efrazia, aliacha kupalilia akaegemea jembe lake.

“Hadija!” akaniita. “Kuna nini huko?”

“Mume wangu anasikia!” nikampigia kelele. “Mume wangu anasikia!”